Kitufe cha Kupalia ki Wapi?

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni aliyeingia jikoni mwangu mwaka jana, hata hivyo, nusura amtoe mwenyeji nje.

Mgeni mwenyewe ni sufuria ya presha ya umeme, ya aina ile inayounganishwa na simu ili mpishi aelekezwe hatua kwa hatua. Niliinunua kwa sababu ya aibu: nimefikia kuandika tasnifu ya uzamili bila kujua kupika maharage. Nyumbani kwetu Kisauni, mtoto wa kiume hakuingia jikoni ila kuuliza kama chakula ki tayari.

Sina budi kukiri kwamba chombo hiki kimenifunza mengi. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100 kama ya Mombasa. Kumbe ndiyo sababu maharage yangu yalitokota jioni nzima na bado yakayashinda meno! Mvuke ukifungiwa ndani, jambo ambalo Mfaransa Denis Papin alilionyesha mjini London mwaka 1679, joto hupita nyuzi 100. Maharage niliyoyaroweka usiku kucha yaliiva kwa muda usiotimu nusu saa.

Kisha mamangu akaja kunitembelea. Nilitaka kumfurahisha kwa maharage ya nazi, nikatii simu, nikatia kila kitu kwa pamoja, tui likiwemo. Nilipofunua, tui lilikuwa limekatika vipande vipande.

"Nani alokwambia tui hupikwa kwa presha?" akaniuliza. Nikamwonyesha simu. "Basi mwambie huyo alokwambia aje ayale."

Hilo lilinichekesha. Lililofuata halikunichekesha. Mamangu alikikabili chombo ili anisahihishe, akasimama. Vitufe vyote vilikuwa vya Kiingereza. Mwanamke huyu husoma Kiswahili vyema, na hati za Kiarabu alizojifunza chuoni. Amepika harusini, matangani na katika futari zisizohesabika. Hapo akaurudisha mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi siwezi kupika hapa, mwanangu." Asiyejua kupika alikuwa mimi, na ndiye niliyemiliki jiko.

Wapo watakaosema kuwa vitufe ni kumi tu, na mtu yeyote aweza kuvikariri. Wenye hoja hii hawajamwona mpishi wa miaka 40 akiurudisha mkono. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mwenye kuuza chombo humu nchini ana kisingizio gani?

Hata hivyo, lawama zangu kubwa zatuelekea sisi wenyewe wanagenzi wa lugha. Nilipolieleza jambo hili darasani, mwenzangu mmoja alipendekeza papo hapo istilahi "kipikio shinikizi". Mamangu aliposikia aliuliza kama huo ni ugonjwa. Aghalabu sisi hukimbilia kuunda maneno kabla ya kuuliza yaliyopo. Nakumbuka simu za Nokia za miaka ya 2000 zilizokuwa na menyu ya Kiswahili: wajomba zangu, Waswahili wa kuzaliwa, walirejea kwenye Kiingereza wakidai kuwa Kiswahili kile hawakijui.

Siku ya pili nilimsomea mamangu kila kitufe, naye akanipa neno lake bila kusita. Penye maelezo marefu ya kuacha mvuke upungue wenyewe, alisema, "Kiache kishushe pumzi." Nani kati yetu angelibuni hilo mezani? Maharage tuliyaivisha kwa presha na tui jepesi kidogo, tukafunua, tukabonyeza kitufe alichokiita "kuunga", akatia tui zito mwishoni huku akilikoroga mfululizo lisikatike. Yaliliwa yakaisha.

Kuna kuunga, kutokosa, kukaanga, kubanika, kupopoa, kupalia. Kila neno hapa ni hatua yenye kiasi chake cha moto na muda wake, yaani ndiyo programu yenyewe ambayo watengenezaji wanaitafuta. Tasnifu ngapi katika idara zetu zimewahi kwenda jikoni kuyakusanya maneno hayo, kabla wanaoyatumia hawajatutoka?

Vitufe vya chombo changu sasa vimebandikwa vikaratasi, kwa mwandiko wa mamangu. Kimoja tu hakina. Ni kile kinachohifadhi joto chakula kisipoe. Mimi nilitaka kukiita "kupalia"; yeye amekataa katakata. Wali, asema, hupaliwa makaa juu ya kifuniko ili uive na ukauke, haupaliwi ili usipoe, na kitufe hiki kinapasha kwa chini tu. Mwenye neno bora na aniletee.