Kamera Nayo Ina Adabu
Jamani, tuache kudanganyana eti kusogeza kamera ni ufundi tu. Mwaka 1960 Gillo Pontecorvo wa Italia alitoa filamu ya Kapò, kuhusu kambi za Wanazi. Mfungwa mmoja anajitupa kwenye seng'enge yenye umeme, anakufa. Kamera inafanya nini? Inamsogelea maiti, ipate picha nzuri! Mwaka 1961 Mfaransa Jacques Rivette aliandika katika jarida la Cahiers du cinéma kwamba mtu aliyeamua hivyo anastahili dharau tu. Mnasema alizidisha? Mimi nasema alipatia. Mtoto wa watu kafa, wewe unatafuta pozi! Nasi waandishi tunazo kamera zetu: tamathali, mapambo, machozi ya bure. Mtu akifa katika hadithi yako, bwana, simama ulipo. Usimsogelee.