Kamusi Isiyochapishwa: Matembezi ya Kiswahili katika Nchi ya Majani Chai

Wahenga walinena kwamba tembea uone, wala hawakuweka sharti kuwa matembezi hayo yafanywe ng'ambo. Hata hivyo, imekuwa ada katika maandishi mengi ya wasafiri kuisifu miji ya Ulaya kwa yale mambo madogo madogo ambayo mtu huyagundua akitembea bila haraka. Mji wa Leiden nchini Uholanzi ni mfano mwafaka. Tangu mwaka wa 1992 mashairi ya lugha mbalimbali yamekuwa yakichorwa kwenye kuta za majumba ya mji huo, na sasa yamepita mia moja, hata mtu aendaye sokoni huweza kusoma shairi pasipo kufungua kitabu. Ni katika mji uo huo ambako Thilo Schadeberg, bingwa wa lugha za Kibantu, alifundisha. Mwanafunzi wa Kiswahili wa Afrika Mashariki asomapo habari kama hizi huingiwa na kijicho.

Hoja ya makala haya ni kwamba kijicho hicho hakina msingi. Kericho na Bomet, nchi ya majani chai, zina kuta, njia, vibanda na vichaka vinavyosomeka vivyo hivyo. Kilichoadimika ni msomaji. Isitoshe, maandishi ya nchi hiyo yanafutika, na wanaopaswa kuyanakili kabla hayajapotea ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, si watu wengine.

Matembezi na yaanzie kwenye kikombe. Lugha nyingi za dunia zimegawanyika mafungu mawili kuhusu jina la kinywaji hiki, na mafungu yote mawili asili yake ni Uchina. Katika karne ya 17, Wadachi walinunua majani hayo kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani ya Fujian, ambako watu huyaita te. Wakalichukua jina hilo na shehena yao, wakalieneza Ulaya Magharibi, na ndiyo sababu Waingereza, Wafaransa na Wajerumani hutamka neno linalofanana. Mataifa yaliyopata majani hayo kwa njia nyingine yalichukua tamko la cha, likapita kwa Waajemi na Wahindi, hadi likafika pwani ya Afrika Mashariki likiwa chai. Hivyo basi, makampuni ya Kiingereza yalipoingia Kericho katikati ya miaka ya 1920 na kupanda vichaka vya kwanza vya kibiashara, bwana shamba alikuwa na neno lililopitia kwa Wadachi, ilhali mchumaji alikuwa na neno lililopitia kwa Waajemi. Mmea ulikuwa mmoja, lakini historia mbili za dunia zilisimama pande mbili za kichaka kimoja. Wakipsigis, wenyeji wa nchi hiyo, walilipokea neno la mchumaji, wakalitia kiambishi chao cha mwisho, likawa chaiik.

Mtembezi akiingia katika kibanda cha chai mjini Kericho atagundua jambo la pili. Akiagiza chai bila kufafanua, ataletewa iliyochemshwa pamoja na maziwa. Asiyetaka maziwa hana budi kutafuta jina jingine, na hapo ndipo ramani nzima ya Kiswahili hujifunua: wako wasemao turungi, wako wasemao chai ya rangi, na katika sehemu za pwani wako wasemao chai ya mkandaa, kwa kuifananisha na rangi itokayo katika gome la mti wa mikokoni. Kinywaji ni kile kile, lakini kila jina linataja mahali mnywaji alikotoka. Aidha, neno lenyewe chai limepewa maana ambayo hakuna mkulima aliyeipanda. Mtu akiombwa chai katika ofisi ya umma, mara nyingi kinachotakiwa si kinywaji bali hongo. Ni kinaya kikubwa kwamba katika nchi ambayo mamia ya maelfu ya watu hula jasho lao kwa kuchuma chai, neno hilo hilo limekuwa sitara ya anayetaka kula bila jasho.

Neno hoteli nalo linastahili kusimamiwa. Mjini Kericho iko Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950, yenye vyumba vya kulala na bustani. Hatua chache kutoka hapo viko vibanda vya mabati vyenye neno hoteli limeandikwa kwa rangi ya mkono, navyo havina hata kitanda kimoja. Katika Kiswahili cha Kenya hoteli ni mahali pa kula. Mwalimu anayelihesabu hilo kuwa kosa hajauliza ni kwa nini watu walilihitaji neno la mahali pa kula kabla ya kulihitaji la mahali pa kulala.

Majina ya mahali ni hazina nyingine. Kapsoit, Kapkatet, Kaptebeswet na Kapkoros yote huanza kwa kiambishi kimoja, ambacho katika Kikipsigis humaanisha nyumbani kwa au mahali pa, mithili ya kwa katika jina kama Mukuru kwa Njenga. Kapkoros hivi leo hujulikana na wengi kama kiwanda cha chai katika kaunti ya Bomet, lakini kabla ya viwanda neno hilo lilikuwa jina la mahali pa ibada, ambapo watu walikusanyika kuomba na kutoa sadaka. Kuhusu jina la Kericho lenyewe pana masimulizi zaidi ya moja: wapo wanaolihusisha na neno la Kikipsigis la dawa, na wapo wanaolihusisha na kiongozi wa Kimaasai aliyeitwa Ole Kericho. Kando ya barabara iendayo Nakuru kipo kituo kiitwacho Brooke. Kampuni iliyokipa jina iliingia mikononi mwa Unilever mwaka wa 1984, na mashamba yakaendelea kubadilisha wenyewe baadaye; mnamo 2024 ilitangazwa kwamba yangeuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imetangaziwa kununua yale ya James Finlay. Wenyewe wamekuja na kwenda, ila utingo wa matatu angali akiita Brooke.

Jina la mji huo nalo limesafiri. Katika gurdwara ya Kericho hukumbukwa Baba Puran Singh, Kalasinga mcha Mungu aliyeishi na kufanya kazi mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza katika miaka ya 1970, ambako alifariki mwaka wa 1983. Wafuasi wake walimwita Kerichowale Baba, yaani Baba wa Kericho, kwa kutia kiambishi cha Kipunjabi katika jina la mji wa Wakipsigis. Wakipsigis walitia kiambishi chao katika neno lililotoka Uchina, na Wapunjabi wakatia chao katika jina la Kericho. Mwanafunzi wa isimu anayelalamika kwamba hana data ya utafiti wa mofolojia na asimame kwenye njia panda za mji huo kwa nusu siku tu.

Hata hivyo, sehemu yenye uzito zaidi wa kamusi hii haiko mjini. Imo katika mashamba na katika makao ya wafanyakazi. Huko walikutana Wakipsigis, Waluo, Waluhya na Wakisii, na lugha ya kazi ikawa Kiswahili. Msamiati wao ni historia ya wafanyakazi iliyoandikwa kwa maneno machache. Nyapara, yaani msimamizi wa kazi, ni neno lililotoka kwa viongozi wa misafara ya Wanyamwezi katika karne ya 19. Msafara uliisha, lakini cheo kilibaki kikahamia shambani. Posho ni chakula cha kupimiwa alichopewa mpagazi, kisha askari, kisha kibarua. Nchini Uganda neno hilo sasa ni jina la ugali wenyewe. Kipande kilikuwa cheti ambacho kuanzia mwaka wa 1920 mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimika kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Leo mzee akiulizwa kitambulisho chake bado huenda akakiita kipande. Katika upande wa wakulima wadogo, ambao Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai, KTDA, ilianzishwa kwa ajili yao mwaka wa 1964, neno lenye nguvu kuliko yote ni bonasi. Ni malipo ya mwisho wa mwaka yanayoamua ni mtoto yupi atakayerudi shuleni na ni deni lipi litakalolipwa. Kamusi itakayolieleza kuwa ni nyongeza ya mshahara tu itakuwa imelikosa kabisa.

Ieleweke kwamba lugha hiyo ya pamoja haikuwa kinga ya kila baa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza mashambani wafanyakazi wengi waliotoka jamii nyingine, na Kiswahili walichokuwa wamezungumza na majirani wao kwa miaka mingi hakikuwaokoa. Kuukiri ukweli huo hakuipunguzii lugha heshima. Badala yake kunamzuia mwanafunzi kuigeuza kuwa kaulimbiu ya umoja isiyochunguzwa.

Msamiati huu sasa uko hatarini. Kwa miaka mingi kipimo cha kazi kilikuwa majani mawili na chipukizi: vidole huchuma ncha ya tawi pekee, na jani lililokomaa huachwa. Maneno ya kuchagua, kuchuma, kujaza kikapu na kupima kilo yalitokana na vidole hivyo. Mashine ya kuchunia haina haja nayo. Mnamo Oktoba 2010 wafanyakazi waligoma kupinga mashine, na mnamo Mei 2023 mashine kadhaa ziliteketezwa Kericho katika maandamano. Makala haya hayakusudii kuamua kesi baina ya mwajiri na mwajiriwa. Yanasema jambo moja tu: mchumaji akiondoka kwenye kichaka, anaondoka na maneno yake, nayo hayajaandikwa popote.

Tazama pia safari ya zao lenyewe. Kichakani chai huitwa kwa Kiswahili. Kiwandani majani hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa, kisha hupangwa kwa madaraja. Yafikapo kwenye mnada wa Mombasa, madaraja hayo hujulikana kwa herufi za Kiingereza kama BP1, PF1 na D1. Yaani zao huondoka bara likiwa na jina la Kiswahili, likalipoteza linapofika Mombasa, mji uliokilea Kiswahili kwa karne nyingi. Mkulima asiyejua maana ya herufi hizo atawezaje kuhoji bei aliyopewa? Na mfanyakazi atawezaje kutetea haki yake katika jambo asilokuwa na neno lake? Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka wa 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi usiofika kwenye mizani ya majani chai ni urasmi wa karatasi.

Wapo watakaopinga kwamba Kiswahili cha mashambani ni kibovu, na kwamba kukikusanya ni kukitukuza. Hoja hii husikika hata katika kumbi za mihadhara. Jibu lake ni kwamba kukusanya si kusanifisha. Lahaja ya Kiunguja iliteuliwa kuwa msingi wa usanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 kwa sababu za wakati huo, na tangu hapo Kiswahili sanifu hakijaacha kupokea maneno ya wapagazi, mabaharia, askari na vibarua. Nyapara haikuzaliwa kwenye mimbari wala kwenye jopo la wataalamu. Anayelidharau neno la leo la mchumaji analidharau neno ambalo huenda mjukuu wake akalisoma katika kamusi.

La kufanya si gumu. Kwanza, kila chama cha Kiswahili chuoni, hasa vyuo vilivyo jirani na mashamba kama Chuo Kikuu cha Kabianga kilichopata hati yake mwaka wa 2013, kiweke daftari la msamiati wa chai, kila neno likiandikwa pamoja na mahali liliposikika, mwaka na maana aliyoitoa msemaji mwenyewe, kwa idhini yake. Pili, wastaafu wa mashambani wahojiwe sasa, kwa kuwa kila mzee afaye ni ghala liunguapo. Tatu, orodha hiyo ilinganishwe na Kiswahili cha mashamba ya chai ya Tanzania, kama Mufindi na Rungwe, ili ibainike ni wapi istilahi za pamoja zinaweza kupatikana bila kubuniwa mezani. Nne, wahadhiri wakubali tasnifu za namna hii kwa heshima ile ile wanayoipa tasnifu ya riwaya.

UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka hotuba husomwa na nyimbo huimbwa. Hayo ni mema. Lakini lugha haikui kwa hotuba peke yake, kama vile chai haichumwi kwa kuitazama kutoka barabarani. Mwanafunzi anayeipenda lugha hii na avae viatu vya matope, ashike kalamu, aingie kati ya vichaka kabla mashine haijamaliza safu ya mwisho. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.