Kupiga Picha za Wanyama: Mchezo au Mazingatio?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeumba viumbe vya nchi kavu, vya baharini na vya angani. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, kila likizo ndefu inapokaribia huzuka suala lile lile baina ya walimu na wazazi: matembezi ya wanafunzi yana faida gani, na je, wachukue kamera na simu? Wako wanaosema kuwa matembezi ni kupoteza wakati wa kuhifadhi Qur-ani. Wako wanaosema kuwa picha ya kiumbe chenye roho ni haramu, basi mazungumzo yamekwisha. Na wako vijana wetu ambao hawasemi kitu, lakini simu zao zimejaa picha za nyuso zao wenyewe, na hakuna hata moja ya ndege. Sisi tuna rai yetu, na tunaiweka hapa ili ipimwe.

Rai yetu ni kwamba kijana wa Kiislamu anayependa kusafiri na kupiga picha za wanyama wa mwituni ana pumbao jema, nalo linastahiki kulelewa, si kuzimwa. Lakini lina adabu zake, na bila ya adabu hizo linaweza kumtia mtu katika madhambi.

Tuanze na safari. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, tumeamrishwa kutembea katika ardhi na kutazama namna Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Katika Suratul Ghaashiya, aya ya 17, tunaulizwa kama hatumtazami ngamia alivyoumbwa. Na katika Suratul An'aam, aya ya 38, tumeelezwa kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Anayezisoma aya hizi kwa tajwidi nzuri, kisha hajapata hata siku moja kusimama na kumtazama kiumbe, amezisoma kwa ulimi na macho yake bado yana deni.

Wanavyuoni wetu wa zamani walilijua hili. Al-Jaahidh wa Basra, aliyeishi katika karne ya 3 Hijria, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama. Ibn Battuta aliondoka kwao Tanja mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21 kwenda Hija, na mwaka 1331 akafika Mombasa na Kilwa. Hakuwa na kamera, lakini alitazama kwa makini, na leo tunajua kutoka kwake kwamba misikiti ya Mombasa wakati ule ilikuwa ya mbao.

Sasa tuje kwenye picha. Suala hili lina khitilafu, na si haki kulificha. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia alikataza picha za viumbe vyenye roho, hata za kamera, isipokuwa kwa dharura. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliona kuwa kamera haiumbi kitu, bali inazuia kivuli cha kile alichokwishakiumba Mwenyezi Mungu. Sheikh Yusuf al-Qaradawi naye aliruhusu, kwa sharti kwamba kinachopigwa picha kiwe halali. Sisi tunafuata kauli ya kuruhusu. Lakini mzazi anayefuata kauli ya kukataza ana masheikh wake na ana heshima yake. Mwanawe na aje matembezini na daftari na kalamu, aandike anachokiona, na asichekwe na mtu.

Pia tusiione kamera kuwa ni kitu cha wageni tu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo katika karne ya 11 Miladia, aliichunguza nuru inayopenya katika tundu dogo na kuingia katika chumba cha giza. Kamera ni chumba cha giza chenye tundu. Elimu hii ilipita mikononi mwa Waislamu kabla ya kutufikia madukani.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tuna mfano. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na akakulia Dar es Salaam. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam. Alipiga picha za nchi, watu na wanyama wa Afrika Mashariki, na mwaka 1978 kikatoka kitabu chake cha picha za Hija. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu, na misaada ikamiminika. Mwaka 1991 alipoteza mkono mmoja kazini, na bado akaendelea na kazi. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa, iliyoanguka baharini karibu na Ngazija. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nani atasema kuwa kamera ya mtu huyo ilikuwa upuuzi?

Wazazi wetu wa Unguja, hebu tutazame kilichopo mlangoni petu. Katika msitu wa Jozani, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, anaishi kima punju. Mgongo wake ni mwekundu, mabega yake meusi, tumbo lake jeupe, na uso wake umezungukwa na nywele ndefu nyeupe. Makazi yake ya asili ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani tu. Wachache walipelekwa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kuwa wapo zaidi ya 5,800. Tumbo lake limeumbwa kusaga majani, na huonekana akila makaa ya kuni, kwani makaa humsaidia dhidi ya sumu iliyomo katika baadhi ya majani. Nani aliyemfundisha tiba hiyo? Subhanallah!

Wageni wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kumwona. Mtoto wetu anapita na daladala katika barabara ile ile kwenda kwa bibi yake Makunduchi, na pengine hajapata kushuka hata mara moja. Wengine wakimwona kima wanaokota jiwe. Tunafahamu kwamba wakulima wana malalamiko yao, kwa sababu kima huingia mashambani, na malalamiko hayo yasipuuzwe. Lakini mtoto anayerusha jiwe kwa mchezo hana shamba. Ana ujinga tu, na ujinga dawa yake ni kufundishwa.

Hapo ndipo tunapoona faida ya kamera. Anayetaka picha nzuri ya kima hana budi kunyamaza, kukaa chini na kusubiri. Msituni nuru ni ndogo, na mnyama hatulii. Pengine saa nzima itapita na atapata mkia tu. Hiyo ni darasa ya subira ambayo sisi walimu hatuwezi kuitoa ubaoni. Na mkono ulioshika kamera haushiki jiwe.

Sasa adabu zake.

Kwanza ni nia. Picha iliyopigwa ili watu waseme "fulani kafika huku" ni riya. Picha iliyopigwa ili mtu akumbuke na kuwaonesha wenzake utukufu wa Muumba ina matarajio ya thawabu.

Pili ni sala. Hakuna mnyama, hata awe adimu namna gani, anayestahiki sala ipite wakati wake kwa ajili yake.

Tatu ni kutomuudhi kiumbe. Imepokewa katika Sunan Abi Daud kwamba masahaba walichukua makinda wawili wa ndege, mama yao akawa anapapatika, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha arejeshewe watoto wake. Basi anayevuta tawi la kiota ili apate picha, au anayemtupia kima biskuti ili asogee, au anayemmulika usoni kwa taa ya kamera, ajitazame. Huko Kizimkazi tunaona mashua zikiwazonga pomboo kutoka kila upande, na watu wakijitosa juu yao kwa ajili ya picha. Kijana wetu akiwa ndani ya mashua hiyo, amwombe nahodha akae mbali.

Nne ni heshima ya watu. Usimpige picha mtu bila ya idhini yake, wala usielekeze kamera nyumba za watu na wanawake walioko kazini pwani au shambani.

Tano ni ukweli. Siku hizi programu za kompyuta zinaweza kutengeneza chui ambaye hajapata kuzaliwa. Kusema "nimemwona Jozani" ilhali picha umeitengeneza ni uongo kama uongo mwingine.

Sita ni kutofanya israfu. Simu aliyonayo kaka au mzazi inatosha kwa kuanzia. Kudai lenzi ya mamilioni huku ada za skuli hazijalipwa ni kuwadhulumu wazazi.

Kwa hivyo tunapendekeza yafuatayo. Likizo ijayo wanafunzi wa madarasa ya juu wapelekwe Jozani asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, kwa kundi dogo na walimu wa kutosha, wavulana kwa zamu yao na wasichana kwa zamu yao. Wananchi hutozwa kiingilio kidogo kuliko wageni, na sehemu ya mapato ya msitu huwarejea wanavijiji wa jirani. Kisha waendelee hadi Kizimkazi Dimbani wakasali adhuhuri katika msikiti ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Wakirudi, kila mmoja achague picha moja tu, aandike chini yake aya iliyomjia moyoni na mistari mitano ya alichojifunza, na zibandikwe hapa madrasani wazazi wazione.

Gharama yake ni nauli ya siku moja. Tukiacha, watoto wetu watamjua simba wa katuni kuliko kima wa kisiwa chao, na siku kima huyo atakapotoweka hawatajua walichopoteza, wala hawatakuwa na jibu watakapoulizwa waliitunza vipi amana hiyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotazama na kuzingatia. Wabillahi tawfiiq.