Balipanda miti

Kwenye avenyu yetu, komini ya Katuba, mvua za mwaka juzi zilikuja na miche. Vijana wenye tisheti za rangi moja walishuka kwenye lori, wakachimba mashimo kando ya mfereji, picha zikapigwa, wakaondoka kabla ya saa sita. Ukimwuliza jirani habari za siku ile, jibu ni moja: "Balipanda miti."

Sisi tunaosoma lugha tumefundishwa tusikipite haraka kiambishi kama hicho. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, ba- si lazima itaje watu unaowafahamu. Balikata umeme, balipandisha bei, balipanda miti: mtendaji hajulikani, na wala hatuulizi. Lakini mwulize mama yuleyule juu ya mwembe ulio ndani ya lupango lake. Kitenzi kinabadilika papo hapo: "Nilipanda wakati nilizala mutoto wa kwanza."

Mti unaishi au unakufa kwa tofauti hiyo. Huku kwetu mvua hunyesha kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili. Baada ya hapo ni miezi mingi mikavu, na mche mchanga hauivuki bila mtu wa kuupa maji. Katika mitaa mingi maji hununuliwa kwa bidoni na kubebwa kichwani. Julai ile nilimwomba jirani amwage japo maji ya kuoshea vyombo. Akanitazama: "Ile muti haiko yangu, mwanangu. Iko ya benyewe." Sikuweza kumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita pale na bidoni kila asubuhi.

Oktoba, joto lilipokaza, ilikuwa imebaki miti mitatu, yote mbele ya kibanda cha muuza makala. Hunawia mikono pale kila jioni. (Ndiyo, muuza makala.)

Naona wanaopanga kampeni waje kwanza bila miche. Wapite mlango kwa mlango, waulize kila nyumba inataka mti gani. Wengi watataja mwembe au avoka. Anayetaka masuku aliyokula kijijini utotoni apewe msuku, hata kama unakua polepole. Nimeambiwa kwamba matunda barabarani huleta watoto, watoto huleta mawe, na mawe huleta ugomvi juu ya mabati ya jirani. Ni kweli. Lakini mtu anayegombania maembe amekwisha kukubali kwamba mwembe ni wake. Jakaranda za katikati ya mji zinapendeza sana zikichanua, ila Katuba hatuna mtunza bustani wa kulipwa. Tuna bidoni.

Juma lililopita nilikwenda kwa shefu wa avenyu kuomba mti mmoja wa avoka, mbele ya mlango wetu. Akaandika jina langu kwenye daftari. Chini yake sasa kuna jina la mama jirani: mwembe, tena wa pili.