Baiskeli: Dawa tuliyoitupa korona ilipopoa

Wengi wetu tunaikumbuka korona kwa barakoa, maji ya kunawa mikono na mazishi ya watu wachache. Ni nadra kusikia mtu akikumbuka kwamba maradhi hayo yaliturudisha kwenye baiskeli na kutembea kwa miguu. Msomaji mpendwa, somo hilo lina manufaa kwa siha yako hata leo, na ni hasara kuliacha lipotee.

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Haukupita muda, matatu ya abiria 14 ikaamriwa kubeba wanane, nauli ikapanda, na bodaboda ikatakiwa kubeba abiria mmoja tu. Kuanzia Machi 27, kafyu ikamlazimu kila mtu awe nyumbani kabla ya saa moja jioni. Mtu aliyeishi Iguhu na kufanya kazi mjini Kakamega, mwendo wa zaidi ya kilomita 10, alikuwa na hesabu ngumu: alipe nauli mpya, asubiri matatu huku jua likizama, au aipanguse vumbi baiskeli ya mzee na kuipanda.

Majirani zetu wa Uganda walibanwa zaidi. Mwishoni mwa Machi 2020, serikali yao ilisimamisha magari ya abiria, kisha magari ya kibinafsi, na pikipiki zikaachiwa mizigo peke yake. Mjini Kampala watu walikwenda kazini kwa miguu na kwa baiskeli. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri watu wafanye hivyo kila inapowezekana, kwa sababu mbili: mpanda baiskeli hasongamani na wenzake, na mwili wake hupata mazoezi.

Sababu hiyo ya pili haikuondoka na korona. Kumbuka kwamba waliolemewa zaidi na virusi vile ni wazee na wenye kisukari, shinikizo la damu au unene wa kupita kiasi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la damu. Wengi hawajui, kwa kuwa hawajawahi kupimwa.

Wataalamu wanasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Anayetoka Iguhu hadi Kakamega kwa baiskeli, kwenda na kurudi siku mbili tu kwa juma, amekwisha kuzipita. Hana haja ya kulipia chumba cha mazoezi.

Wapo watakaosema baiskeli ni ya maskini. Hao wamesahau walikotoka. Bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia katika miaka ya 1960, na kwa miaka mingi watu wa magharibi walibebwa kwenye keria bila kuona haya. Pikipiki ilikuja kwa wingi baadaye. Sikatai kwamba ni ya haraka, na mama aliyefikishwa hospitalini usiku ataishukuru. Lakini je, ni lazima uipande hata unapokwenda kununua sukari?

Hoja nzito ni usalama. Watembea kwa miguu ndio kundi kubwa miongoni mwa wanaouawa katika barabara za Kenya, na mpanda baiskeli hana ngao bora kuliko wao. Miji ya Bogotá na Paris ilitenga njia za baiskeli haraka mwaka 2020, na nyingi zikabaki. Kwetu, matatu zilirudishiwa viti vyote Agosti 2021, kafyu ikaondolewa Oktoba 20, na mpanda baiskeli akaachwa ukingoni mwa lami, akipigiwa honi na malori. Kumshauri mtu apande baiskeli pasipo na njia ni sawa na kumwandikia dawa isiyouzwa popote.

Kwa hivyo, mwakilishi wa wadi anapokuja kujivunia barabara mpya, muulize: njia ya baiskeli na ya miguu iko wapi? Hilo ni swali la afya kama lilivyo swali la dawa katika Hospitali ya Iguhu.

Nawe usingoje. Ukiwa na shinikizo la damu au maumivu ya kifua, muone daktari kwanza. Kagua breki, vaa helmeti na nguo zinazoonekana kwa mbali, na usiendeshe gizani bila taa. Anza na safari fupi: sokoni, kanisani au msikitini, kituo cha matatu. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii huenda tayari unayo stoo, inasubiri upepo kwenye magurudumu.