Gazeti la mtaani litamfaa mchuuzi wa Kitengela iwapo sheria haitambana

MAGARI yanapopunguza mwendo katika barabara ya Namanga mjini Kitengela, wachuuzi huyakimbilia wakiwa na ndizi, njugu na maji ya chupa. Ni kazi ya jua kali na faida haba. Je, hawawezi pia kuuza maandishi na michoro ya wakazi wenzao?

Wazo hili si geni. Mwaka 1991, John Bird na Gordon Roddick walianzisha jarida la The Big Issue jijini London. Watu wasio na makao hulinunua kwa bei ya chini, wakaliuza kwa bei kamili na kubaki na faida. Mwaka 1996 jarida la jina hilo likaanzishwa Cape Town, Afrika Kusini. Msingi wake ni mmoja: mchuuzi haombi, anauza. Baadhi ya magazeti ya aina hii huchapisha hata mashairi na hadithi za wauzaji wenyewe.

Kajiado haikosi sanaa. Nje ya Kitengela, wasanii wa Kitengela Glass, kituo kilichoanzishwa na Nani Croze, wamedhihirisha kwa miongo kadhaa kwamba vioo vilivyotupwa huweza kugeuzwa mali. Akina mama Wamaasai nao ni mabingwa wa shanga. Wanunuzi pia wapo, kwani sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1.1 milioni katika kaunti hiyo.

Kizingiti ni sheria. Mwaka 2002, Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Vitabu na Magazeti, likapandisha dhamana ya mchapishaji kutoka Sh10,000 hadi Sh1 milioni. Mchuuzi anayeuza gazeti lisilotimiza masharti naye akawekwa katika hatari ya kutozwa faini au kufungwa. Waliolengwa walikuwa wachapishaji wa magazeti ya vichochoroni. Hata hivyo, kwa kikundi cha wachuuzi wa Kitengela, Sh1 milioni ni mlima. Na mambo yakiharibika, wa kwanza kutiwa mbaroni si mhariri aliye ofisini, bali ni mama aliyeshika nakala barabarani.

Serikali ya kaunti nayo ina wajibu. Katiba ya 2010 iliikabidhi usimamizi wa masoko na leseni za biashara. Gazeti la mtaani huuzwa penye watu, na mchuuzi anayefukuzwa kila uchao hawezi kujenga wateja.

Kwa hivyo, wanaotaka kuleta mpango huu Kajiado wasianze na mafunzo ya uandishi pekee. Watafute kwanza mchapishaji aliyesajiliwa atakayebeba dhamana, kisha wakubaliane na kaunti kuhusu vibali na mahali pa kuuzia. Wabunge nao walegeze masharti kwa machapisho madogo ya kijamii.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini atagaagaa wapi ikiwa upwa wenyewe umezungushiwa ua?