Rangi Mupya, Mwili Ule Ule

Rangi isitudanganye. Mwaka 1984 kampuni Hasbro ya Marekani ilianza kuuza Transformers, roboti za kuchezea zenye kutoka kwa Takara ya Japani. Tazameni tatu: Starscream wa kijivu, Thundercracker wa bluu, Skywarp mweusi. Wote ni ndege F-15, wote wanageuka roboti kwa namna moja, sababu kalibu yao ni moja. Kuchonga kalibu ya chuma kunaomba feza mingi. Kubadili rangi ya plastiki ni rahisi. Huo si wizi, kila mumoja ana jina lake. Lakini mwenye kuwa na mumoja asifikiri wa pili ni kitu kipya. Mbele ya kutoa feza ya baba, mugeuze, angalia viungo. Rangi mupya haitengenezi kiungo chenye kulegea.